Siku Nilipomchomolea Mjomba Plagi

Aliyekata umeme ukumbini siku ile ni mimi. Leo nakiri, kwa sababu humu mtandaoni hamnioni sura.

Kuongea mbele za watu siwezi. Darasani nikiitwa jina tu, jasho.

Ila gitaa napiga.

Bendi yetu ya shule ilikuwa ipige kwenye mahafali. Mwalimu wa muziki akaazima kwa shemeji yake kiboksi kinachoigiza sauti za ampu, yaani vikuza-sauti, za gitaa. Sharti moja: "Kikiungua, na ushemeji umeungua."

Wa kuunganisha? Mjomba wangu. Mtaani anaitwa Profesa, maana aliwahi kutengeneza redio.

Moja.

Asubuhi, kabla wageni hawajafika, akachomeka nyaya kwa mbwembwe. Nikachungulia nyuma.

Balaa!

Gitaa kalipeleka kwenye ampu kubwa. Halafu ule waya wa kutoka ampu kwenda spika, kauingiza kwenye kiboksi! Nguvu ya kusukuma spika nzima, kwenye kidude kile? Kingekaangika hapo hapo. Na sauti kafungulia mwisho.

Kitabu cha maelekezo nilishakisoma mara tatu. Sina marafiki wengi.

"Mjomba..."

"Mama, kaa pembeni." Ndivyo anavyoniita mimi, mpwa wake.

"Ila huo waya..."

"We mtoto! Nimeanza kushika waya mama yako hajaolewa!"

Bendi yote kicheko. Nikanywea.

Akanyoosha kidole kwenye swichi. "Moja... mbili..."

Nikarudi kinyumenyume hadi ukutani. Nikachomoa plagi.

"Tatu!"

Kimya.

Akaipiga ampu kofi. Wapi.

"Tatizo liko kwenye nguzo," akatangaza, akatoka nje kuikagua. Mwalimu na bendi yote nyuma yake, kwenda kuitazama nguzo.

Nikabaki peke yangu. Gitaa kwenye kiboksi. Kiboksi kwenye tundu la kuingilia la ampu. Ampu kwenye spika, kwa waya wake mnene. Sauti sifuri. Nikarudisha plagi, nikawasha kiboksi kwanza, ampu mwisho, nikapandisha sauti taratibu.

Nikakwangua nyuzi. Sauti tamu hiyo!

Wakarudi mbio, Mjomba mbele. "Si mmeona? Nguzo imenisikia!"

Makofi. Mwalimu alimkumbatia nusura alie.

Sasa shule jirani imemwalika Profesa afundishe usalama wa vyombo vya muziki.

Jana kaja nyumbani, mpole kama mgonjwa. Akaninong'oneza, "Mama, ule waya... uliuhamishia wapi? Nichoree."

Kumbe alijua!

Nimemchorea. Chini nimeandika: "Mchoro huu umechorwa na yule niliyemwambia akae pembeni." Na Mjomba akishika karatasi mbele za watu, husoma yote kwa sauti, hadi nukta.

Funzo: kama mdomo wako mzito kama wangu, basi angalau jua plagi ilipo.