Sehemu Tatu za Laurentine

Kasonde ndiye aliyemfundisha Laurentine kushika bisibisi. Wote wawili walikuwa wanafunzi wa fundi Guelor, mtengenezaji wa kompyuta huko Ruashi, na Kasonde alimtangulia kwa miaka miwili. Lakini walipofungua vibanda vyao, mtaa mmoja, wateja walipita mbele ya Kasonde wakienda kwa Laurentine. Kila kichwa kilichopita kilimchoma. Akijifanya anafagia kizingiti, aliwahesabu.

Jumatatu moja, Mama Zabibu, mdarizi wa nguo za harusi, aliingia kwake amekumbatia kompyuta kama mtoto mgonjwa.

“Kasonde mwanangu, courant ya umeme ilikatika, ikarudia na nguvu. Tangu pale haiwake tena. Modèles yangu yote ya kudarizi iko mule, ya miaka kumi.”

“Nani alikutengenezeaka hii?”

“Laurentine. Lakini yeye iko Kipushi, kwa dada yake mwenye alizaa.”

Kasonde alichomeka flashi ya usakinishaji. Mfumo wa kuendesha kompyuta ulikuwa umeharibika kweli, ilibidi kuuweka upya. Ukurasa wa kugawa diski ulipofunguka, alisogeza uso karibu na kioo cha kompyuta. Diski ilikuwa imekatwa sehemu tatu: moja ya mfumo, moja ndogo ya kusaidia kumbukumbu, na ya tatu, kubwa, ya kazi za Mama Zabibu peke yake. Yeye Kasonde siku zote aliweka kila kitu katika sehemu moja, kwa kuwa ni haraka. Mfumo ukifa kwake, mafaili hufa nao, au mtu hushinda siku mbili akiyaokoa.

Wivu ulimpanda. Juu kabisa kulikuwa na chaguo la kufuta diski nzima. Angebonyeza tu, kisha aseme Laurentine aliigawa vibaya. Nani angejua? Akaliwekea alama. Ilibaki kuthibitisha.

“Laurentine alisema nilete kwako,” Mama Zabibu alisema nyuma yake. “Nilimupigia telefone. Akasema: peleka kwa Kasonde, ni yeye alinifundishaka, hatapoteza kitu.”

Kasonde alihisi uso unawaka. Lau Laurentine angekuwa amemtukana, ingekuwa rahisi zaidi.

Akaondoa alama, akachagua kugawa kwa mkono. Sehemu ya mfumo aliiformati, yaani aliifuta na kuipanga upya, kwa muundo wa ext4. Ya tatu, yenye kazi za Mama Zabibu, aliielekeza mahali pake bila kuifuta, akahakikisha mara tatu kwamba hakuna alama ya kuformati mbele yake. Jasho lilimtoka kama mwizi.

Saa moja baadaye maua ya darizi yalijaa kwenye kioo, yote, hata ya harusi ya binti wa kwanza wa Mama Zabibu.

“Mungu akubariki! Ulifanya namna gani?”

Jibu lilikuwa tayari mdomoni: ujuzi tu, mama. Akalimeza.

“Laurentine aliigawa diski muzuri. Mimi nilifuata tu njia yake.”

Maneno hayo yalimtoka kwa uchungu, na baada ya kuyasema hakujisikia mtu mwema hata kidogo. Mama Zabibu alipoondoka, Kasonde aligeuza kibao cha mlango kuonyesha pamefungwa, akahamisha mafaili yake mwenyewe kwenye diski ya nje, akaanza kuikata diski ya kompyuta yake sehemu tatu.