Sungura wa Biskuti Aliyechoka Kudanganya

Saa nne asubuhi, mlangoni mwa duka kubwa, sungura mrefu kama mlango anacheza huku jasho likimtiririka ndani ya manyoya. Watoto wanamrukia. "Sungura, unanuka soksi!" mmoja anampa habari.

Sungura anampungia mkono. Kampuni ya biskuti imemkataza kuongea, na kichwa hakivuliwi mbele ya mtoto.

Huko stoo, kichwa cha vazi kinatoka, na baba wa miaka thelathini na minane anavuta pumzi. Wenzake wanamwita Masikio. Anakaa, anainuka, anakaa tena.

"Hebu soma," anamwambia mama wa usafi, akigeuza pakiti ya biskuti. Mbele wamechora sungura, stroberi na glasi ya maziwa. Nyuma, kwa vijiherufi vya kutafutia miwani, sukari imetangulia. Stroberi ni rangi tu. "Maziwa nayo yalipita njia, yakasalimia."

Mwaka mzima amekuwa akipeleka nyumbani pakiti zilizopondeka, ambazo wafanyakazi hupewa bure. Binti yake wa miaka mitano akanogewa, akasusa chakula cha sufuriani. Mzaha mzaha hutumbua usaha: mwezi uliopita daktari wa meno kamng'oa manne.

"Mama yake akamfokea, 'Nani kakwambia biskuti ni chakula?' Akajibu na pamba mdomoni: 'Sungura! Mbona yeye anazila na ana meno makubwa?'"

Masikio anacheka, kisha anaiweka pakiti chini. Binti anajua baba hupakua mizigo. Hajui sungura ni nani.

Wiki iliyopita alijaribu kuwatikisia kichwa watoto waliogusa pakiti. Wakadhani ni mtindo mpya, wakatikisa vichwa vyao wote huku wakibeba. Biskuti zikaisha rafuni, bosi akampongeza.

Akaomba ahamishiwe kwenye mizigo kweli. "Kaka, wewe cheza," bosi akamjibu. "Mambo ya sukari tuachie."

Leo ni zamu ya kufua vazi. Siku zote huliingiza nyumbani ndani ya gunia.

"Leo naingia nimelivaa. Navua mbele yake, namwambia: sungura ni mimi, na nilikudanganya."

"Na akiacha kukuamini hata wewe, je?" anauliza mama wa usafi, kaegemea fagio.

Masikio anageuzageuza kichwa cha sungura mapajani. Nje watoto wanaita.

"Basi dada, nitaanza upya na sahani ya maharage. Nile mimi kwanza, akiniangalia, kwa uso wangu huu huu."