Macho Yaliyoliwa na Moshi

Sabina Chenge amebanika samaki pale Kigongo miaka thelathini na sita, na asitokee mtu akamwambia kwamba hiyo ni kazi ya waliokosa kazi. Darasa la saba alilimaliza kwa mwandiko ambao mwalimu aliuinua juu darasa zima wautazame, na hilo hajalisahau. Mumewe alipokufa maji akamwachia mtoto mmoja, Revocatus, hakurudi kwao kuomba pa kulala. Alijenga tanuru la udongo, akatandaza chanja la waya juu yake, na moshi huo ndio ulionunua viatu, madaftari, mpaka chuo cha Revocatus. Ndio uliomla macho pia. Kope zimekwisha, weupe wa jicho umegeuka wekundu, na akitoka juani machozi yanamwagika yenyewe.

Desemba iliyopita Revocatus alimleta binti yake kutoka Buhongwa, mjini, akae na bibi wiki moja. Mtoto ana miaka saba. Alipozaliwa Sabina alimpa jina la mama yake mzazi, Kashindye. Sasa bibi anaita Kashindye, Kashindye, mtoto hageuki. Mwishowe akaeleza, kwa adabu tu, kwamba yeye ni Favour. Lile jina la zamani lilikuwa na mikosi ya ukoo, na mchungaji alishalifunga kwa maombi.

Hilo Sabina alilimeza. Lililofuata lilimkwama. Mchana ule alikuwa amepika sato wa kubanika kwa karanga, chakula ambacho Revocatus utotoni alikigombania mpaka akachapwa. Mtoto alinawa, akakaa mkekani, kisha akaificha mikono yote miwili chini ya mapaja. Bibi akamuuliza kama anaumwa. Haumwi. Kama hapendi samaki. Anapenda.

"Sasa nini, mjukuu wangu?"

"Baba alisema chakula cha bibi kiombewe kwanza. Kwa sababu ya macho."

Revocatus alicheka, akasema watoto wa siku hizi wanachanganya mambo. Lakini huku anacheka mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni, ukatoka na kichupa cha mafuta ya kanisani kwao, akadondosha matone matatu kwenye mchuzi. Mchuzi wa mama yake. Akamsogezea mtoto sahani kana kwamba ametoa inzi.

Sabina aliona kinyaa. Alimtazama yule mwanamume wa miaka thelathini na tisa, shati limepigwa pasi, tumbo limejaa samaki wake wa miaka yote ile, akamwona kama kitu kilichooza ndani ya gamba zuri. Alibeba chungu, akakimwaga chote kwa mbwa wa jirani.

Asubuhi yake, Revocatus akiwa bado anajiandaa kurudi mjini, Sabina alimwita mtoto tanuruni. Alitaka ajionee mwenyewe. Wakapuliza moto pamoja, kuni mbichi, moshi mzito. Mtoto akafundishwa kugeuza samaki asimvunje mkia, akafurahi, akasahau hata kuogopa. Saa moja haikuisha, macho yake yakawa mekundu. Bibi akaleta kioo, maneno yakiwa tayari mdomoni: unaona, ni moshi tu.

Hakupata nafasi ya kuyasema. Mtoto alijitazama mara moja, kioo kikamtoka mkononi.

"Baba, nimekuwa mchawi," akalia. "Baba, na mimi nimekuwa."

Revocatus alikuja mbio, akamkamata kichwa kwa mikono miwili, akaanza kukemea roho za ukoo huku anamtikisa mpaka meno ya mtoto yanagongana. Sabina alimbandua mkono kwa nguvu ambazo hakujua kama bado anazo.

"Mama, usiingilie mambo ya kiroho."

"Ya kiroho gani? Huo ni moshi. Ndio uliokusomesha. Nani alikufundisha upuuzi huu?"

Revocatus akamnyoshea kidole.

"Ni wewe, mama. Umemsahau bibi Ndalahwa?"

Sabina hasahau kitu. Bibi Ndalahwa alikaa peke yake kwenye njia ya kisimani. Alipikia samadi kavu kwa sababu kuni zilikuwa mbali na miguu yake, na macho yake yalikuwa mekundu, jambo lililotosha kijijini kuitwa mchawi. Sabina wa siku hizo alikuwa na rozari shingoni, kanisani hukaa benchi la mbele, na hakuna jambo ambalo hakuwa na uhakika nalo. Alimfundisha Revocatus Baba Yetu, na alimfundisha kutema mate kila wakipita pale. Mtoto akisahau kutema, alifinywa sikio, sawasawa na alivyofinywa akisahau kusali. Na siku vijana walipoichoma nyumba ya yule mama, akaondoka na sufuria moja kichwani, Sabina alisimama njiani amemshika mwanawe mkono, akamwambia: "Unaona?"

Kumbe aliona. Mchungaji wa Buhongwa hakuwa na kazi ya kulima. Alikuta shamba tayari.

Kile kinyaa cha jana kikamgeukia Sabina mwenyewe. Mwanamke huyu hajawahi kuomba radhi kwa mtu. Alichuchumaa mbele ya mtoto.

"Baba yako nilimdanganya mimi. Alikuwa mdogo kama wewe, nikamfundisha amtemee mate bibi Ndalahwa, akaniamini. Yule bibi hakuwa mchawi. Alikuwa anapika."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa unapuliza moto."

Mtoto alivuta kamasi, akamgeukia baba yake.

"Baba, ulimtemea mate?"

Revocatus alikuwa ameshakitoa kile kichupa na kukifungua. Akapiga hatua moja mbele, na mtoto akaingia nyuma ya kitenge cha bibi yake, akakishika kwa ngumi mbili.

Sabina hakujisikia mshindi. Alichovya pindo la kitenge kwenye ndoo ya maji ya ziwa, akaanza kumfuta yale macho, moja baada ya jingine, bila kumtazama tena mwanawe.