Kila Mtu na Kiti Chake

Mwongozo wa wageni wa ukumbi wa michezo wa ndani, hapa kwetu Bariadi, niliuandika mimi. Meneja wa ukumbi, kijana aliyehamia kutoka Dar es Salaam, alikuja shuleni kwetu kumtafuta mwalimu wa Kiswahili, akaelekezwa kwangu. Mkononi alikuwa na mwongozo wa Kiingereza alioupata huko alikoupata, akaniomba niutafsiri. Niliusoma nikakuta maegesho ya magari yamepewa ukurasa mzima na bodaboda hazikutajwa hata mara moja. Nikamwambia aniachie, nitaandika upya.

Mimi ni mtu wa utaratibu na sioni aibu kusema hivyo. Mwanafunzi akichelewa kipindi changu anajua atasimama wapi. Kwa hiyo kazi ile niliifurahia kuliko nilivyoonyesha. Niliandika kwamba anayetokea Somanda amwambie dereva wa bodaboda amshushe lango dogo, kwa sababu la mbele huwa na msongamano. Nikaandika kwamba sakafu ni ya mbao na viatu ni vya soli laini tu. Kwamba mistari ya bluu ni ya netiboli, ya njano ni ya mpira wa wavu na ile myekundu ni ya kikapu, asije mtu akadhani fundi alishindwa kuamua. Miwa hailiwi ndani. Karanga ziliwe nje, na maganda yake yabaki huko huko.

Kipengele cha saba ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Kilisema kila mgeni atakaa kwenye kiti chenye namba iliyo kwenye tiketi yake, na hatahama mpaka shughuli iishe. Kwenye mechi ya kwanza ya netiboli watu walitulia kama wako kanisani. Meneja alinisifu mbele ya wakubwa wake, nami nikatembea wiki nzima kichwa juu.

Kisha yakaja mashindano ya ngoma.

Kwetu Usukumani, pamba ikishavunwa, vikundi viwili vya ngoma hukutana uwanjani kushindana. Havipokezani zamu. Vinapiga pamoja, kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na watu wanasimama katikati. Hakuna mwamuzi wala alama. Ukivutwa na huku unakwenda huku, ukivutwa na kule unakwenda kule, na hakuna wa kukulaumu ukibadili mawazo mara tatu. Jua linapoelekea kushuka, manju mmoja, yaani yule kiongozi anayetunga na kuimba, amezungukwa na umati, na mwenzake anaimbia vumbi. Ndugu wa manju ndio pekee wasiotakiwa kusogea. Wanabaki katikati mpaka mwisho, kwa sababu miguu ya nyumbani haihesabiwi.

Safari hii meneja aliomba mashindano yafanyike ndani ya ukumbi, na vikundi vyote viwili vikakubali. Manju wa kikundi kimoja alikuwa baba yangu.

Baba anaishi Mwandoya, nilikozaliwa, na ameimba tangu kabla sijazaliwa. Umri umekwenda na goti la kulia limemgomea. Mwezi mmoja kabla ya siku yenyewe nilikwenda kumsalimia, akaniambia, huku akikoroga uji wake, kwamba hii ndiyo ya mwisho. Alilisema kama anayetaja kwamba chumvi imeisha. Nilipomuuliza kwa nini asipumzike tu, bila kushindana tena, alisema anataka kwanza aone kama watu bado wanamjia.

"Wakija, nitawaona. Wasipokuja, nijue," alisema.

Mimi nilikuwa nimeshajua, na ndiyo maana roho yangu ilikuwa juu juu. Mpinzani wake alikuwa kijana wa Sola, kule Maswa, sauti yake nzito na nyimbo zake zimejaa kwenye simu za watu. Wanafunzi wangu waliziimba wakifagia madarasa. Za baba waliziimba mama zao, tena wakikumbushwa.

Meneja hakuwa mjinga. Mlinzi wa ukumbi, mwenyeji wa hapa, alikuwa amemweleza jinsi mashindano yetu yanavyoamuliwa, naye akaja kuniuliza kama kipengele cha saba hakitaleta shida. Tungeweza kuandika kwamba siku ya ngoma watu wako huru kuhama. Nilimtazama usoni nikamwambia kanuni ikianza kutobolewa haibaki kanuni. Nikashauri waitwe majaji watatu watoe alama, mambo yaende kisasa. Akaafiki.

Naomba niseme ukweli hapa, maana siku ile sikuusema. Majaji watatu wangekuwa watu wazima, wenye heshima zao, wangemwonea mzee huruma. Na kila mtu akibaki kwenye kiti chake, nafasi iliyo wazi mbele ya baba yangu isingeonekana. Hilo ndilo nililolitaka. Nilimpenda baba, na upendo huo niliuvalisha sura ya mwalimu anayetenda haki.

Siku yenyewe watu walijaa, na majaji watatu wakaketi mbele na karatasi zao. Mchezaji mmoja mzee wa kikundi cha baba alizunguka ukingo wa sakafu akitafuta penye udongo, na mlinzi alipomuuliza amepoteza nini, alisema kwa upole kwamba ndani ya jengo hili hakuna pa kuzika dawa ya kuvuta watu. Baba ni Mkatoliki wa kila Jumapili, kwa hiyo alijifanya hajasikia. Nilikaa kwenye kiti changu, mstari wa nne, mwongozo mapajani.

Ngoma zilipoanza, paa lote liliitikia. Kijana wa Sola alikuwa upande wa kushoto, baba kulia, na katikati sakafu tupu inang'aa. Baba aliingia akichechemea, lakini alipofungua mdomo goti lile nililisahau. Aliimba juu ya mkulima anayesifu pamba ya jirani huku yake imejaa magugu, na watu wakacheka. Wakapiga makofi. Walipomaliza kumpigia yeye wakampigia kijana, vilevile tu, kwa adabu, kila mmoja na kiti chake.

Niliona baba anaanza kuangalia watu. Aliimba akitazama mstari wa mbele, akatazama wa nyuma, akageuka kutazama upande wa pili. Katikati ya wimbo wa tatu akainua mkono na ngoma zake zikanyamaza. Kijana wa Sola naye akawanyamazisha wake, kwa heshima ya mkubwa. Baba akamwita meneja, wakaongea kidogo, na meneja akanyoosha kidole mstari wa nne.

Nilishuka ngazi. Baba alikuwa amelowa jasho. Aliongea kwa sauti ya chini, wasisikie wengine.

"Mayu," alisema, jina analoniita tangu nikiwa mdogo, neno la Kisukuma la kumwitia mama. "Ni wewe uliyeandika watu wasiinuke?"

"Ndiyo, baba."

"Na ulijua leo ni nini."

"Nilijua."

Akafuta uso kwa kiganja. "Basi uliona nitashindwa."

Hakunigombeza. Nadhani hata angenigombeza nisingeumia sana zaidi ya hapo.

"Waambie wainuke," alisema.

Nikachukua kipaza sauti kwa meneja. Nilisema kipengele cha saba nimekifuta, kwamba majaji waweke kalamu chini, na kwamba anayetaka kushuka ashuke, ila avue viatu. Mwanzoni walitazamana tu, maana nilikuwa nimewafundisha vizuri. Kisha mama mmoja wa makamo akavua kandambili zake, akazishika mkononi, akashuka. Baada ya hapo vilisikika viti vikijikunja, safu baada ya safu.

Ngoma zikaanza tena. Mimi nilisimama katikati kama ndugu wa manju anavyopaswa, juu ya mstari mwekundu, na watu wakanipita kushoto na kulia. Wengi walipita kushoto. Walikwenda kwa kijana wa Sola wakicheka, viatu mkononi, mabinti, vijana, hata walimu wenzangu, mmoja akikwepa macho yangu. Kwa baba walikwenda wachache. Yule mama wa kandambili alikuwepo, na wazee kadhaa, na wakulima waliokuja naye kwa gari moja kutoka Mwandoya, na muuguzi aliyekuwa bado na sare yake. Walikuwa wachache kiasi kwamba hawakuweza kumzunguka.

Nilitamani kwenda. Hatua kumi zingenifikisha. Lakini miguu yangu isingehesabiwa, na baba angejua ni huruma, kwa hiyo nikajikaza nikabaki pale pale. Baba aliimba mpaka mwisho. Hakupunguza ubeti hata mmoja.

Watu walipotawanyika nilimkuta kwenye benchi la wachezaji wa akiba, mguu ule mbovu ameunyoosha mbele. Nilikaa pembeni yake nikamwomba radhi. Nilimwambia nilitaka asiaibike.

"Wale waliokuja nimewaona mmoja mmoja," alisema. "Kuna mmoja nilimwimbia kwenye arusi yake. Wangebaki kwenye viti vyako, ningerudi nyumbani bila kumjua hata mmoja."

Kisha akaniomba nimfungue njuga, kwa sababu kuinama kulishamshinda. Nilipiga magoti kwenye mbao zile. Kamba zilikuwa zimelowa jasho na fundo lilikaza, nikachukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na nililia bila kujificha mpaka ya mwisho ikatoka mguuni.