Orkestra ya Matanga

Ukitaka kupima uvumilivu wa kijana, mpe gitaa umtume akatafute mahali pa kupigia mjini Bukavu. Sisi tulikuwa watano, tuna nyimbo zetu wenyewe, na hakuna studio hata moja iliyojua kwamba tumezaliwa. Vyombo vyetu vilikaa nyuma ya karakana ya fundi mbao huko Kadutu, na hapo ndipo tulipofanyia mazoezi, vumbi la mbao likituwasha kooni. Enzi hizo za Zaïre kila buvette, yaani baa ndogo ya mtaani, ilikuwa na muziki, lakini muziki wa sahani za santuri kutoka Kinshasa. Mwenye buvette alikuwa na swali moja tu: "Munajua kupiga za Kinshasa?" Ukimjibu kwamba mna za kwenu, anarudi kupanga chupa zake.

Ukumbi mkubwa wenye jukwaa ulikuwa wa kusifia chama, na sifa hizo tulikuwa tumeshaziimba za kutosha shuleni. Padri alitupokea kwa tabasamu, akatuambia ukumbi wa parokia ni wetu, mradi tusilete ngoma wala gitaa la umeme. Sijui alitaka tulete nini. Labda rozari.

Waliotuokoa ni wafiwa. Kwetu, muda wa kilio ukiisha, familia hufanya sherehe ya kutoa matanga: turubai linatandazwa uani, maharage na nyama vinapikwa, kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, inagawiwa bure, na watu wanacheza ili nyumba irudie uhai. Familia zisizoweza kuita orkestra kubwa zilituita sisi. Huko hakuna aliyetuuliza habari za Kinshasa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tuliinama kila Jumamosi mchana, kutoka ua hadi ua, na kwenye nyua hizo ndipo tulipojifunza kazi.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kubaki kwenye matanga, na hiyo ndiyo ninayoililia hadi leo. Mwimbaji wetu alikuwa binti wa sakristani, mtunza vyombo vya kanisa. Sauti yake ilianza chini, taratibu, kama mtu anayeongea na mtoto mgonjwa, halafu ikapanda hata wapishi wakaacha masufuria. Baba yake alimruhusu kuimba mahali pawili tu: kwenye kwaya na kwenye matanga, kwa sababu kuwafariji wenye huzuni ni tendo la huruma. Buvette haikuwa tendo la huruma. Tena alikuwa ameshamtafutia kazi ya ualimu Kamanyola, kule chini kwenye bonde la Ruzizi, na likizo ilikuwa inakwisha.

Ndipo buvette moja ya Kadutu ikatukubali kwa Jumapili moja, alasiri. Mwenyewe alikuwa mtu mnene aliyevaa abakosti, ile suti ya chama isiyo na tai, hata jua likiwaka. Alisema atatujaribu, na buvette ikijaa, Jumapili zote zitakuwa zetu. Tulikwenda sote kumbembeleza sakristani. Alitusikiliza akiwa ameshika kofia yake, kisha akamgeukia binti yake.

"Nitakuja kusikia mimi mwenyewe," alisema. "Kama batu banakuja juu ya sauti yako, sitakukataza, na Kamanyola itangoja. Kama banakuja juu ya kunywa, utaenda kufundisha."

Alikuwa mzee wa neno lake. Tulitoka pale tukipigana mabega kwa furaha; nani asingekuja kwa ajili ya sauti ile?

Jumapili ile tulianza jua likiwa bado kali. Wimbo wa kwanza, viti vitupu, sakristani peke yake pembeni na limonadi yake. Wimbo wa pili, binti akapandisha sauti, na mlima wa Kadutu ukaanza kututeremshia watu. Walikuja kwa vijia vyote. Nilifurahi hata nikakosea nyuzi. Kisha nikaona walichobeba: akina mama walikuwa na vikapu vya maharage na mikungu ya ndizi, na mzee mmoja alikuwa na bidoni ya kasiksi. Walipita mbele yetu, wakaenda moja kwa moja kwa mwenye buvette, wakamshika mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, papa."

"Pole ya nini?"

"Pole, papa. Mungu ndiye anajua."

"Hakuna mutu alikufa hapa!" akapiga kelele.

Yule mzee akampapasa bega. "Vumilia, papa. Ku mwanzo inakuwaka vile."

Buvette ikajaa hadi nje, na hakuna aliyenunua hata chupa moja. Walikaa wakingoja kugawiwa, kama ilivyo desturi kwa wafiwa. Tuliendelea kupiga, tungefanya nini? Nilimwona sakristani akimwinamia mama mmoja aliyekuwa na kikapu.

"Maman, umekuja juu ya nani?"

"Sijue mwenye alikufa, papa," akamjibu. "Nilisikia tu sauti ya huyu binti, nikasema kule iko matanga. Nikashuka."

Sakristani alivaa kofia yake. Sisi tulisikia neno moja tu, matanga, na likatuchoma. Mwenye buvette alizima umeme katikati ya wimbo. "Munaniletea kilio mu nyumba yangu!" alisema. "Murudie kwa wafu wenu." Binti aliondoka nyuma ya baba yake bila kutuaga.

Wiki ile tulitawanyika. Mpiga besi alikwenda kufanya kazi ya usafi kwenye kituo cha utafiti Lwiro, mimi nikaingia ofisini, na Jumamosi vyombo vikauzwa. Tukasikia binti ameshuka Kamanyola. Hatukushangaa.

Miaka mingi baadaye nilimkuta katika soko la Kadutu akichagua chaki za shule yake. Aliniita yaya, kaka yake, kama zamani. Nikamwambia pole kwa siku ile, kwamba watu walikuja kwa ajili ya kilio, na baba yake alikuwa na haki.

Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi wa benchi la nyuma.

"Yaya, ule mama hakujua mwenye alikufa. Alikuja juu ya nini, sasa? Papa alilala na ile neno juma yote. Siku ya Mungu, kiisha misa, akaniambia: 'Balikuja juu yako.' Tukapanda naye mpaka kwa fundi mbao, akuje abaambie mutafute fasi ingine ya kupigia, yeye hakatazi. Tukakuta mulango umefungwa. Papa akagonga, akagonga. Mimi nilisema pengine muko mu mazoezi, hamusikii." Akalipa chaki zake. "Mulikuwa wapi?"

Nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nimelala chali mchana kweupe, mwendo mfupi tu kutoka pale, nikiulaani mji mzima kwa kukosa masikio.