Kahawa Isiyorudi Sinkini

Usimwone Mama Vikombe amejiinamia kwenye sinki ukadhani hana lake. Miaka sita ameosha vikombe kwenye kibanda cha kahawa kilicho ukumbini, chini ya jengo la ofisi la ghorofa tisa, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza lolote ila sabuni imebaki kiasi gani. Wenye tai na wenye visigino virefu walipanga foleni mbele ya kaunta, wakautazama ubao ulioning'inia juu ya mashine, wakataja majina ya vinywaji bila kupepesa macho, utafikiri wanaita watoto wao. Yeye alikuwa nyuma ya kizuizi cha mbao, mikono ndani ya maji ya moto.

Lakini kila kinywaji kilimfikia, hata kama kimeshanywewa. Kikombe kidogo chenye ukoko mweusi chini kilikuwa cha espreso: kahawa iliyokamuliwa kwa nguvu ya mashine, kidogo, kali, mafunda mawili basi. Kikombe hichohicho kikiwa na doa jeupe ukingoni, hiyo ni makiato, yaani espreso iliyotiwa kijiko cha povu la maziwa. Kikombe kipana chenye duara la povu lililokauka, kapuchino. Glasi ndefu yenye utando wa maziwa toka juu hadi chini, late, maziwa mengi kahawa kidogo. Amerikano haikumpa kazi hata ya kusugua, maana ni espreso iliyozimuliwa kwa maji. Majina aliyapata kwa masikio. Fundi wa mashine, yule mtengenezaji wa kahawa, alitangaza kila kinywaji kilipokuwa tayari, naye akawa analinganisha jina na kikombe kinachorudi. Haikuwa kazi ya siku moja.

Na mashine pia aliijua. Nani mwingine aliyekuwa akifika wa kwanza asubuhi, akaiwasha, akaipasha moto na kuijaribu kwa vikombe viwili kabla fundi hajatokea akipiga miayo?

Basi fundi huyo alipopata kazi kwingine, Bosi mwenye kibanda alibandika tangazo: anahitajika mtu mwenye cheti cha kutengeneza kahawa. Mama Vikombe alilisoma mara mbili, akajifuta mikono.

"Bosi, libandue hilo tangazo. Mimi nipo."

Bosi alicheka mpaka akavua miwani. "Mama Vikombe, utaniua! Mtu akitaka makiato utampa nini, povu la sabuni?"

"Nitampa makiato."

Aliisema kavu hivyo, bila tabasamu, na kicheko cha Bosi kikaishia njiani. Alipoona anatazamwa na mlinzi wa mlangoni, akajitutumua. "Haya. Kesho, saa mbili mpaka saa nne. Kikombe kimoja tu kikirudishwa kwamba sicho, unarudi kwenye sinki na jambo hili sitaki kulisikia tena maisha yangu yote."

"Na kisiporudi?"

"Mashine yako."

Nyumbani binti yake, karani wa shule, alipigwa na butwaa. "Mama, achana nao. Wale watu watakucheka."

"Wamenicheka miaka sita, mwanangu. Umeniona nimekufa?"

Asubuhi alifunga kitambaa kichwani, akakaza. Bosi alisimama pembeni amekunja mikono. Wa kwanza alikuwa mhasibu wa ghorofa ya tatu, akataka kapuchino, akaipata. Wa pili espreso, wa tatu amerikano, wa nne espreso. Akaja mzee mmoja msumbufu.

"Nipe late, lakini maziwa usiweke mengi, povu ndilo liwe jingi."

"Hiyo basi ni kapuchino, baba."

"Nimesema late!"

"Nakutengenezea unayoitaka, jina utaiita mwenyewe ukifika ofisini." Mzee alionja, akaguna, akaenda zake na kikombe chake. Bosi alikohoa.

Saa tatu na nusu akafika wakili wa ghorofa ya saba, mama mmoja ambaye hata lifti huonekana kumwogopa. Hakuutazama ubao.

"Flati waiti."

Mama Vikombe aliganda. Jina hilo alilijua, lilikuwa ubaoni, na fundi alikuwa akilitangaza kila siku. Lakini kibandani pale flati waiti ilikuwa inauzwa kwenye vikombe vya karatasi tu, na vikombe vya karatasi hupanda lifti na wenyewe, vikaishia kwenye mapipa ya huko juu. Hakuna hata kimoja kilichowahi kurudi sinkini. Katika hesabu yake yote ya ukoko na utando, alikuwa amesahau kwamba kuna watu wasiorudisha vikombe.

Aliogopa, tusidanganyane. Angeweza kumimina late kwenye kikombe cha karatasi, akafunga kifuniko na kuomba Mungu. Wengi wangefanya hivyo. Yeye alikataa, si kwa unyenyekevu wowote, bali kwa hasira: hakuvumilia miaka sita ili apate kazi kwa kubahatisha.

"Wakili, hiyo sijawahi kuiona. Niambie ikoje, nikutengenezee."

"Si nilijua!" alidakia Bosi.

Wakili alikunja uso. "Ni flati waiti."

"Jina nimelisikia. Ndani kuna nini?"

Wakili alifungua kinywa. Akakifunga. "Mimi... naagiza tu. Mwaka wa pili sasa." Akamgeukia kijana wa benki aliyekuwa nyuma yake. "Wewe si huwa unaagiza hiyohiyo?" Kijana akazama kwenye simu yake.

Mama Vikombe akageuka taratibu. "Bosi, ubao ni wako. Tufundishe."

Bosi aligusa kola ya shati. "Ni kama late, ila... siyo late."

Foleni nzima ikaangua kicheko, na wa kwanza kucheka alikuwa wakili mwenyewe. Alipotulia akafikiri kidogo, akafumba macho kama mtu anayeonja. "Ni fupi kuliko late. Kahawa inasikika zaidi. Na povu halijai mdomoni, maziwa ni laini tu."

"Sasa tunaongea."

Mama Vikombe akakamua espreso mbili, akapasha maziwa bila kuyatia povu jingi, akamimina. Wakili akapiga funda moja.

"Ndiyo hii," alisema.

Saa nne ilifika na hakuna kikombe kilichorudishwa. Foleni bado ilikuwa ndefu, na Bosi alikuwa na uso wa mtu aliyemeza shubiri.

"Lakini flati waiti hukuijua."

"Sasa naijua. Wewe je?"

Bosi akavuta pumzi. "Sawa, mashine chukua. Ila na vikombe utaendelea kuosha, mikono si unayo?"

Hapo ndipo damu ilipompanda Mama Vikombe kweli. Alitoa mikono kwenye mashine, akaikunja kifuani, akasimama. Kwenye rafu vikombe safi vilikuwa vimebaki viwili.

"Tulikubaliana mashine, Bosi. Mashine na sinki hatukukubaliana."

"Basi nitatafuta mtu. Lakini leo je? Watu wanasubiri!"

"Nawaona."

Hakusogea. Mtu mmoja alitazama saa, mwingine akauliza kwa sauti kama kibanda kimefungwa. Bosi alimwangalia yeye, akaiangalia foleni, akavua saa mkononi na kuitia mfukoni. Kisha akakunja mikono ya shati lake jeupe, akapita nyuma ya kizuizi cha mbao. Maji yakasikika.

Mama Vikombe akairudia mashine. "Anayefuata! Na kama jina hulijui, usione haya. Niambie unaitaka iweje."