Maiti Niliyemsoma kwa Sauti

Ilianza Jumamosi, saa nane na dakika ishirini mchana. Nina hakika na saa kwa sababu saa ya saluni imetundikwa juu ya kioo kikubwa, na mimi nikilazimika kuongea mbele ya watu huwa naitazama hiyo saa, siwatazami wao.

Saluni ni ya mama. Iko South Beach, chini ya jengo refu la ghorofa, ina viti vitatu na sinki moja nyuma ya pazia. Siku hiyo kwenye kiti cha katikati alikuwa amekaa daktari. Ni Mkenya, anafanya kazi hospitali moja hapa Durban, na anaandika riwaya za mauaji. Zote zinatokea kusini, kule kwenye miwa na miamba ukiiacha Durban na kushuka na pwani, na yeye mwenyewe huziita visa vya Kusini. Anazichapisha kwao, anazileta kwenye begi, na kutuuzia sisi tunaosoma Kiswahili: makanisani Umbilo, Pinetown baada ya ibada, na kwa mama. Nadhani kwa mama ndipo anapapenda kuliko kote. Rasta ndogondogo zinaweza kuchukua mchana mzima, wanawake wako kwenye viti hawana pa kukimbilia, basi anafungua kitabu na kuwasomea. Akifika pale ambapo mtu anasikia kitasa kikizunguka polepole, anakifunga.

"Na kisha?" wanapiga kelele.

"Na kisha iko kwa begi."

"Docteur, wewe ni mwizi kabisa."

"Mwizi anachukua, dada. Mimi nauza."

Na akiulizwa anatoa wapi mambo ya kutisha namna ile, jibu lake ni moja, na analitoa kwa sauti ya chini: "Mimi maiti naziona kazini. Sina haja ya kubuni." Hapo ndipo kitabu kinanunuliwa. Nimeona mara nyingi. Mtu aliyekuwa anasema atafikiria anafungua pochi.

Niseme kuhusu papa, baba yangu, kabla sijafika mbali. Papa aliondoka miaka mitatu iliyopita, mimi nikiwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa mwashi, na kuna mtu huko kusini alikuwa anajenga nyumba karibu na bahari. Alisema wiki mbili. Simu yake iliita kwa siku chache, halafu ikawa haipatikani, halafu baada ya miezi namba ikapewa mwanamke mmoja wa hapa, mpole, ambaye mama alimpigia mara nyingi mpaka ikawa yeye ndiye anayetupigia kuuliza kama tumempata. Mama alikwenda polisi, akaenda hospitali za huko, akarudi na vumbi kwenye viatu tu.

Kwetu Wakongo mtu akifa watu wanakuja. Wanashuka chini wanakaa na wewe, wanapika, wanaimba, wanakuzuia usibaki peke yako. Ndiyo matanga. Mtu ambaye hakurudi hana matanga. Mwaka wa kwanza watu wanakuuliza habari zake. Mwaka wa pili hawaulizi. Wa tatu wanabadilisha mazungumzo ukiingia, kama vile ni wewe uliyempoteza.

Mimi huwa namwona. Sisemi ndoto. Gari linasimama kwenye robot, zile taa za barabarani, na kisogo cha mtu aliyekaa mbele ni chake, lile kovu la kinyozi na masikio yaliyochomoza, na mimi nimesimama njia ya waenda kwa miguu siwezi kusogea mpaka watu wananipigia honi. Namsikia akikohoa kwenye ngazi za jengo letu, kile kikohozi cha kumjulisha mama kwamba anafika. Sijamwambia mtu. Wakati mwingine naacha kuandika, naenda kufungua mlango. Ngazi ziko tupu, na harufu ya saruji mbichi ipo. Pengine ni mimi tu.

Sasa turudi saa nane na dakika ishirini. Mama alikuwa amemaliza nyuma ya kichwa cha daktari, amefika mbele. Ukifika mbele unamwinua mtu kidevu, anatazama dari. Daktari hakuweza kuona kitabu tena.

"Nani atanisomea? Tumefika pazuri."

Tantine anayeuza vitenge, rafiki wa mama, alikuwa kwenye kiti cha dirishani na rangi kichwani. Akaninyooshea kidole. "Si huyu bubu wetu? Huyu anasomaka kama padiri."

"Huyo?" akasema mwingine. "Huyo hata bonjour anatukopesha!"

Wakacheka wote, hata mama. Nilichukua kitabu ili waache kucheka. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine.

Cha ajabu ni kwamba kusoma si kuongea. Maneno ni ya mtu mwingine, wewe unayapitisha tu. Nilisoma jinsi watoto waliokwenda kuokota kome asubuhi maji yakiwa yametoka walivyomkuta mwanamume amelala kwenye miamba, kifudifudi, bila karatasi yoyote mfukoni. Nilisoma jinsi inspekta, mwanamke mnene mwenye pumu, alivyochuchumaa karibu naye. Wanawake waliinama mbele kwenye viti. Nikaanza kujiona hodari. Nikapunguza sauti kama anavyofanya daktari:

"Uso wake haukumwambia kitu, bahari ilikuwa imekwisha kuuchukua. Viatu ndivyo vilivyosema. Kamba zake hazikuwa za dukani. Zilikuwa nywele za bandia, nyeusi, zimesukwa kwa mikono ya mtu anayejua kusuka, na ncha zake zimechomwa kwa kiberiti zisifumuke."

Niliendelea na sentensi mbili nyingine kabla masikio yangu hayajaufikia mdomo wangu. Kitana kikaanguka.

Kamba hizo ni za mama. Mabaki ya mèche, hizi nywele za kusukia, yeye hayatupi. Anayasuka, anayachoma ncha, na nyumbani kwetu sote tunafunga viatu kwa nywele, tangu nikiwa mdogo. Shuleni walinicheka mpaka wakachoka. Katika Durban yote sijawahi kuona mtu mwingine.

"Rudia," mama akasema.

Nikarudia.

"Rudia tena."

Nikarudia tena, na mara hii sauti haikuwa ya padiri. Mama aliushusha mkono kutoka kichwa cha daktari taratibu, kama mtu anayeweka yai. Akakaa chini, sakafuni, kwenye nywele za watu zilizokatwa, akanyoosha miguu mbele. Akalia. Sijui niandike vipi. Hakikuwa kilio cha sauti kubwa kwanza. Kilianza kama mlango mzito unasukumwa, kisha kikafunguka.

"Papa ya batoto! Ee, papa ya batoto!"

Tantine alielewa hapohapo. "Ni yeye! Docteur alimuonaka! Kamba zake, mimi nazijua!" Akashuka kwenye kiti na rangi yake kichwani, akakaa kando ya mama. Wengine wakafuata, mmoja na taulo shingoni, maji yanamtiririka mgongoni. Mtu akashusha shata ya mlango nusu. Wimbo ukaanza, ule ambao kila mtu anaujua na hakuna anayekumbuka aliujulia wapi.

Daktari alisimama. Nyuma amesukwa vizuri, mbele nywele zimesimama wima. "Mama, ni hadithi. Jamani. Ni hadithi tu, nimetunga."

"Si ulisema hautungi?" Tantine hakuwa na hasira hata kidogo, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alimuuliza kwa adabu, kama mtu anayemuuliza shahidi. "Ulisema maiti unaona kwa kazi. Tuambie walimuweka wapi, docteur, tuende tumuzike."

Sikuwahi kuona mtu mzima akikosa maneno namna ile. Namna yangu. Akageuka akaingia nyuma ya pazia, kwenye sinki.

Nikamfuata. Hata sasa sijui miguu ilitoa wapi amri. Nilikuwa na kitu kimoja tu kichwani, kwamba nimemsoma papa akafa. Maneno hayakuwa yangu, lakini sauti iliyomlaza kwenye miamba ilikuwa yangu, mara tatu. Nilitaka kujua kama ni kweli kabla mama hajaenda mbali sana katika kilio asiweze kurudi.

"Kamba uliziona wapi?"

Nyuma ya pazia hakuna saa. Nilimtazama yeye.

"Hapa," akasema. "Hapa hapa, mwaka jana. Kuna kijana mdogo alikuwa amelala kwa benchi, miguu inaning'inia, viatu vya shule. Nikaona zile kamba nikasema, hii ni nzuri, hii nitaitumia."

Ni mdogo wangu. Ana miaka saba.

"Na yule maiti?"

"Hakuna maiti." Alijishika usoni kwa mikono yote miwili. "Mimi ni daktari wa macho. Mara ya mwisho kugusa maiti nilikuwa mwanafunzi. Ile nawaambianga ni ya kuuza vitabu. Watu wanaipenda. Mahali pengine nikiisema watu wanacheka, wanaogopa kidogo, wananunua. Sikujua kuna watu…" Hakumaliza. Kuna watu ambao wakisomewa habari ya maiti asiyejulikana hawasikii hadithi, wanasikia tangazo. Nilimmalizia kimoyomoyo.

"Niende niwaambie," akasema.

"Ngoja," nikasema. "Ni mama yangu."

Nikatoka. Nikapita katikati ya wanawake, nikapiga magoti, nikaweka mdomo kwenye sikio la mama. Alikuwa na joto kama mgonjwa. Nikamwambia yote, haraka, bila kupumua: kamba za mdogo wangu, benchi, daktari wa macho. Si yeye, mama. Si papa.

Hakuacha kulia. Alinishika shingo akanivuta karibu, ikawa kama ananibembeleza, na katikati ya kilio, chini kabisa ya ule wimbo, akaniambia:

"Najua."

Nikadhani sijasikia.

"Papa yako aliendaka na buti za mupira. Viatu vyake iko nyumbani, chini ya kitanda. Mimi njo nilimufungiaka begi." Akavuta pumzi. "Unaona batu? Bamekaa. Miaka tatu nangojea batu bakae. Uniache nilie, mama."

Ananiita mama wakati wa mambo makubwa tu, kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

Sijui kama alijua tangu aliposema rudia, au kama alimwamini yule maiti kidogo, kwa dakika moja, na kukumbuka zile buti baadaye akiwa tayari sakafuni. Sijamuuliza. Najua tu kwamba nilikaa. Nilikaa kando yake kwenye nywele, na kitu ambacho nimekibana tangu nikiwa na miaka kumi na miwili kikatoka, nikalia mpaka tantine akanipakata na kunipaka rangi yake ya nywele shavuni.

Daktari alitoka nyuma ya pazia akiwa amejiandaa kusema. Mama akamshika mkono, akamvuta chini, na hakumwachia. Basi akakaa. Alikaa mchana wote na nusu ya kichwa, ameinamisha macho, na wanawake mmoja baada ya mwingine wakaja kumshika mikono na kumshukuru kwa kutuletea habari. Kila aliposhukuriwa nilimwona akitaka kufungua mdomo, na kila mara vidole vya mama vilikaza. Jioni alijifunga kitambaa, akabeba begi lake. Vitabu vyote vilikuwa bado ndani. Mlangoni aliniuliza, "Nifanye nini sasa?" Nilikuwa nimerudi kuwa mimi, nikaitazama saa.

Nyumbani nilichungulia chini ya kitanda. Viatu vipo kweli, vimeelekea ukutani. Sikuvigusa. Nilitega sikio nisikie kikohozi kwenye ngazi, na usiku ule, kwa mara ya kwanza, nilitega nikiwa naogopa kukisikia.

Asubuhi iliyofuata, Jumapili, mama alipitiliza saa ya kanisa. Hajawahi. Alikuwa amelala mdomo wazi, uso umevimba, mkono mmoja umeanguka nje ya kitanda. Mdogo wangu alinikuta jikoni.

"Tantine amesema kwa simu papa amekufa. Amekufa?"

Nusu ya Wakongo wa Durban walikuwa wameshaambiwa ndiyo. Mimi nilikuwa na hapana ya daktari, ambayo ilikuwa hapana ya maiti mmoja tu.

"Hatujui," nikamwambia.

"Mama anajua?"

"Mama pia hajui."

"Na docteur?"

"Hajui."

Alifikiri, akakuna mguu kwa mguu. Nadhani alikuwa anaogopa kwamba ni yeye peke yake ambaye hajaambiwa. Kisha mlango ukagongwa. Nilimwambia hilo nililomwambia abaki nalo ndani, ni la kwetu, akaitikia kwa kichwa. Nikafungua. Alikuwa tantine, kichwa kimefungwa kitambaa, na wanawake wengine watatu nyuma yake kwenye ngazi na sufuria kubwa na mfuko wa unga wa fufu.

"Mama amelala," nikawaambia, nikiwatazama mmoja mmoja. "Muingie polepole. Mukae."